"DNA Iko Wapi?" Kabla Hujauliza Hivyo, Soma Historia Yetu

Juzi nilikuwa mahali pa chai hapa Garissa, ile saa ya jioni joto limeanza kupungua na kila mtu ametoka nje. Tulikuwa vijana watano mezani. Stori ikaingia ya msichana fulani aliyesema kwamba mtu wa karibu na familia yao alimfanyia ubaya. Sitataja mtaa wala mwaka, na wala hamhitaji, kwa sababu kila mtaa una stori kama hiyo.

Tukanyamaza kidogo. Halafu msee mmoja, tena si mtu mbaya, ni mtu ninayemheshimu, akaweka kikombe chini akasema, "Sawa, nimeskia. Lakini DNA iko wapi?"

Na sisi wote tukatikisa vichwa. Hata mimi. Kesi ikaisha hapo hapo, kabla chai haijapoa.

Nilirudi nyumbani nikijiuliza: hilo swali tulilitoa wapi? Kati yetu watano hakuna aliyesomea sheria. Hakuna aliyewahi kukaa ndani ya mahakama siku nzima akasikiliza kesi mwanzo hadi mwisho. Tulichonacho sote ni kitu kimoja: tamthilia za upelelezi. Nyingi sana.

Kwa hiyo nikaanza kusoma. Na nilichokipata kimenifanya nione aibu kidogo kuhusu ile jioni.

Ilianzia kwa runinga

Oktoba 2000 kituo cha CBS cha Marekani kilianza kuonyesha CSI, tamthilia ya wachunguzi wa maabara wa Las Vegas. Mnaijua hata kama hamjaiona, kwa sababu karibu kila tamthilia ya polisi iliyokuja baadaye imeiga kitu kutoka kwake. Unywele mmoja kwa zulia, tone moja la damu, mashine inalia, picha ya muuaji inatokea kwa skrini. Dakika arobaini na kitu, kesi imekwisha. Shahidi anaweza kudanganya, mke anaweza kudanganya, polisi anaweza kudanganya, lakini mashine haidanganyi.

Kule Marekani kesi nyingi kubwa zinazosikilizwa hadi mwisho mahakamani huamuliwa na juri, yaani raia wa kawaida wanaotolewa makazini na nyumbani, wanakaa, wanasikiliza, halafu wao ndio wanaosema ana hatia au hana. Baada ya miaka michache viongozi wa mashtaka wakaanza kulalamika: watu hawa wanaingia mahakamani wakitarajia kile walichokiona kwa runinga, na wasipokiona wanamwachilia mshtakiwa.

Jaji mmoja wa jimbo la Michigan, Donald Shelton, akaamua kupima badala ya kulalamika. Mwaka 2006 aliwauliza watu karibu 1,000 walioitwa kuwa wazee wa juri mjini Ann Arbor wanatarajia kuona nini. Asilimia 46 walisema wanatarajia ushahidi wa kisayansi katika kila kesi ya jinai. Asilimia 22 walitarajia DNA katika kila kesi, hata kama ni wizi. Na kwa kesi za ubakaji, asilimia 73 walitarajia DNA kila mara.

Lakini hapa kuna kitu ambacho watu hawakipendi wakisimulia utafiti huu. Shelton alilinganisha wanaotazama CSI na wasioitazama. Watazamaji walitarajia ushahidi mwingi zaidi, ndio. Ila ilipofika kusema ana hatia au hana, tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuonekana vile watu walivyodhani. Yeye akasema tatizo ni pana kuliko kipindi kimoja: watu wanaishi na teknolojia kila siku, kwa hiyo wanaitarajia kila mahali. Hata hivyo, bila DNA, watu wale wengi walisita kumtia mtu hatiani kwa ubakaji, wawe wanaitazama CSI au la.

Shikeni hilo la ubakaji. Tutarudi.

"Lakini Kenya hatuna juri"

Najua mtaniambia hivyo, na ni kweli. Hapa anaamua hakimu au jaji. Lakini Kenya iliwahi kuwa na juri. Ilikuwa ya Wazungu peke yao.

Wakati wa ukoloni, Mzungu akishtakiwa kwa kosa kubwa alihukumiwa na juri ya Wazungu wenzake. Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa mahakama, ambao walitoa maoni tu, na jaji hakulazimika kuyafuata. Juri ikaondoka na ukoloni. Wale wazee wa mahakama walibaki mpaka 2007 sheria ilipowaondoa.

Na kesi maarufu kuliko zote za juri nchini humu iliamuliwa na nini? Maabara. Januari 1941 Lord Erroll, mmoja wa mabwana wakubwa wa Kizungu, alipatikana amepigwa risasi ndani ya gari lake karibu na Karen. Aliyeshtakiwa ni Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe alikuwa na uhusiano na marehemu. Sababu ya kuua ilikuwepo, na Nairobi nzima ilikuwa na maoni yake. Lakini wakili wake alishika kitu kimoja tu: risasi. Bastola za Colt zilizosajiliwa kwa jina la Broughton zina mifereji 6 ndani ya mtutu, inayozunguka kushoto. Risasi zilizomuua Erroll zilikuwa na alama za mifereji 5, inayozunguka kulia. Julai 1941 juri ikamwachilia.

Kumbe miaka karibu 60 kabla ya CSI, hapa hapa Kenya, mtu aliokolewa na mikwaruzo kwenye kipande cha risasi. Hilo ni jambo zuri. Mtu asifungwe kwa sababu mji una stori.

Sasa njooni kaskazini, miaka hiyo hiyo.

Huku kwetu ukoo ndio ulikuwa ushahidi

Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilikuwa eneo lililofungwa. Huingii wala hutoki bila kibali. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria maalum ya wilaya kama hizi, iliyowapa maafisa uwezo wa kukamata watu na kuchukua mifugo ya kabila lote lililoitwa adui. Maana yake, mtu mmoja akifanya kosa, ngamia wa ukoo mzima wanaweza kwenda. Hakuna aliyehitaji kupima risasi. Ukiulizwa wewe ni wa nani na ukajibu, umeshatoa ushahidi dhidi yako.

Uhuru ulipokuja, tabia ile haikuondoka. Desemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa hapa kwetu, na sheria zake hazikufutwa mpaka 1991. Na mwaka 1970 Bunge lilipitisha Sheria ya Kinga, iliyozuia watu kushtaki serikali kwa yale maafisa wake waliyoyafanya Kaskazini Mashariki na wilaya za jirani kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Yaani hata ukiwa na ushahidi, pa kuupeleka hakuna.

Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, mtaa wa Bulla Karatasi ulichomwa na watu wakakusanywa kwenye uwanja wa shule ya msingi, siku kadhaa, bila chakula wala maji. Wazee wanaiita Garissa Gubai. Muulize ayeeyo wako, au ayeeyo wa rafiki yako. Mji mzima uliadhibiwa kwa kosa la watu wachache, na hakuna aliyeuliza alama za vidole ziko wapi.

Aprili 2014 tena, wakati wa Operesheni Usalama Watch, maelfu ya watu walibebwa kutoka Eastleigh na mitaa mingine, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Wengi wetu tuna binamu au mjomba aliyepitia pale. Ushahidi ulikuwa nini? Sura na jina.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Mimi sisemi watu wahukumiwe bila ushahidi. Sisi wa huku tuna sababu kuliko Mkenya mwingine yeyote ya kudai ushahidi. Ninachouliza ni kitu kingine: ushahidi ni nini?

Wagalla haikuwa na maabara

Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kutoka Wajir na kupelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla. Wakavuliwa nguo, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Miili mingine ilitupwa mbali porini. Serikali ikasema waliokufa ni 57. Manusura na wenyeji wanataja mamia, wengine maelfu.

Sasa fikiria kama mtoto wa CSI. Maganda ya risasi yako wapi? Ripoti ya daktari iko wapi? Nani alipima damu? Hakuna. Waliopaswa kukusanya ushahidi ndio walioshtakiwa na macho ya watu.

Basi tunajuaje kuhusu Wagalla? Kwa midomo. Wanaume waliotoroka na kufika Wajir wakiwa hai. Wanawake waliotafuta waume zao porini. Annalena Tonelli, Mtaliano aliyekuwa akitibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, aliyesaidia kuwaokota walio hai na kuwazika waliokufa, na kuhakikisha habari inatoka. Mbunge Ahmed Khalif aliyesimama Bungeni mwaka huo huo na kuuliza maswali ambayo hakuna aliyetaka kuyasikia. Na miaka 27 baadaye, Aprili 2011, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipokuja huku, watu walikaa mbele ya kipaza sauti na kusema walichokiona. Ripoti ya tume ilitoka Mei 2013, na kuhusu Wagalla imejengwa juu ya maneno ya watu hao pamoja na karatasi za serikali yenyewe.

Serikali ilikana kwa miaka mingi. Kukana kule kulitumia maneno gani? Hakuna ushahidi.

Kama tungesubiri DNA, Wagalla isingekuwa imetokea. Kila mmoja wetu akisikia mtu wa Nairobi anasema Wagalla ni hadithi, damu inachemka. Tunamwambia: kuna watu walikuwepo, wasikilize. Halafu jioni hiyo hiyo, msichana wa mtaa wetu anasema nilikuwepo, nisikilizeni, na sisi tunamuuliza DNA.

Mashine nayo husomwa na mtu

Sitaki kuifanya sayansi adui. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Miili ilipelekwa Nairobi, hifadhi ya Chiromo, na alama za vidole zilisaidia kurudisha majina kwa watu ambao hata wazazi wao hawangeweza kuwatambua kwa sura. Hiyo ni kazi tukufu. Na kesi ilipoisha 2019 kule Milimani, watu watatu walitiwa hatiani, na sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa mawasiliano ya simu kati yao na washambuliaji. Kuna wengine waliachiliwa kwa sababu ushahidi dhidi yao haukutosha. Ndivyo inavyotakiwa.

Lakini hapa Garissa tunajua pia upande wa pili. Nani hana rafiki aliyenyimwa kitambulisho kwa sababu ya vidole? Wakati wa ukame na njaa, familia nyingi za Wakenya ziliandikisha watoto kambini Dadaab ili wapate chakula. Mtoto akafika miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho, akaweka kidole kwa mashine, mashine ikasema: mkimbizi. Kidole ni chake kweli. Mashine haikukosea kuhusu kidole. Ilikosea kuhusu mtu. Na ili kurekebisha, anahitaji wazee, wazazi na majirani waje waseme huyu tunamjua, amezaliwa hapa. Maneno tena.

Tamthilia hazikuonyeshi hilo. Kwa skrini, matokeo ya maabara ndio mwisho wa stori. Kwa maisha, matokeo yanahitaji mtu wa kuyaeleza, na mtu wa kumuuliza maswali huyo anayeeleza.

Sheria yenyewe inasema nini

Hii ndiyo sehemu iliyonishtua, na ndiyo ninayotaka mtoke nayo.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 124, inasema kwamba katika kesi ya makosa ya ngono, ikiwa ushahidi pekee uliopo ni wa yule aliyetendewa, mahakama inaweza kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi huo peke yake. Sharti ni mahakama iridhike kwamba anasema kweli, na iandike sababu za kuridhika hivyo. Si kuamini tu kwa huruma. Anahojiwa na upande wa pili, maneno yake yanapimwa, na jaji anaweka sababu kwa maandishi ambazo mahakama ya juu inaweza kuzikagua.

Mahakama ya Rufaa nayo imesema zaidi ya mara moja kwamba kukosekana kwa ushahidi wa daktari si mwisho wa kesi, na mwaka 2012 ikasema waziwazi kwamba ubakaji na unajisi havithibitishwi kwa DNA bali kwa ushahidi.

Sababu ni rahisi ukifikiria. Msichana anaoga, kwa sababu anajiona mchafu. Nguo zinafuliwa. Anaogopa, ananyamaza wiki tatu. Sampuli ikichukuliwa, bado ina safari ndefu mpaka maabara Nairobi, zaidi ya kilomita 350 kutoka hapa. Aliyetunga sheria aliyajua maisha. Aliyetunga tamthilia alijua bajeti yake.

Kwa hiyo pale mezani kwa chai sisi watano tulidai kitu ambacho hata jaji hadai. Tukajifanya juri, tena juri kali kuliko mahakama.

Na msidharau hiyo juri ya chai. Huku kwetu kesi nyingi hazifiki kwa jaji. Zinakaa chini ya mti na wazee, tunaita maslaha. Mimi naiheshimu maslaha. Imezuia koo kuuana kwa vizazi, na mwaka 2013 Mahakama Kuu Nairobi ilikubali hata kesi ya mauaji isitishwe baada ya familia mbili kupatana kwa ngamia na mbuzi. Lakini kwa makosa ya ngono sheria ya 2006 haikuwapa wazee uamuzi wa kusimamisha kesi. Na wazee wanasikiliza mji unasema nini. Mji ukisema "hana DNA, anaharibu jina la watu", familia inachoka, inapokea kitu kidogo, msichana anapelekwa kwa shangazi mbali. Mimi na wewe ndio mji.

Tufanye nini basi

Kwanza, tusaidie ushahidi upatikane badala ya kuudai mezani. Likitokea jambo kama hili, aliyetendewa asioge kama anaweza, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si plastiki, na aende hospitali haraka, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zina muda wake. Hospitali kwanza, hata kabla ya kituo cha polisi ikibidi. Fomu ya P3 itajazwa. Nambari 1195 ni ya dhuluma za kijinsia na 116 ni ya watoto. Na kama saa 72 zimepita, aende tu. Kesi haijafa.

Pili, tubadilishe swali. Badala ya "DNA iko wapi?" tuulize yale ambayo jaji mzuri angeuliza. Alimwambia nani kwanza, na lini? Maneno yake yanabaki yale yale? Kuna nani alimwona akilia, akichechemea, akikataa kurudi ile nyumba? Aliyeshtakiwa anasema alikuwa wapi, na kuna anayeweza kulithibitisha? Hayo ni maswali ya haki kwa pande zote mbili. Mshtakiwa naye ni mtoto wa watu, na anaweza kuwa hana kosa. Lakini jibu halitapatikana kwa kumfungia mtu mdomo na neno ulilolisikia kwa skrini.

Wiki hii nilikutana tena na yule msee wa chai. Nikamwambia kuhusu kifungu cha 124. Akacheka, akasema ati siku hizi nimekuwa wakili. Halafu akanyamaza muda mrefu kidogo, akaniuliza, "Sasa yule msichana yuko wapi?"

Nilitaka kumjibu. Wallahi sikuwa najua. Hakuna kati yetu watano aliyekuwa ameuliza.